Ulimwengu Wote Waanzia Wapi?

Wasomaji wapendwa, neno tunalotaka kulipima leo si geni masikioni mwenu. Kila aliyewahi kuketi kanisani amelisikia, ya kwamba Bwana, alipokuwa karibu kuondoka duniani, aliwaagiza wanafunzi wake waende kwa mataifa yote. Neno hili twalisoma, twaliimba, tena twalihubiri. Lakini ni mara chache sana tuulizapo maswali mawili yaliyomo ndani yake. La kwanza ni hili: Ulimwengu wote huo waanzia wapi? La pili ni hili: Yule aupelekaye ujumbe ana haki gani kuupeleka kwa mtu asiyeuomba? Maswali haya hayakutujia kwa kusoma vitabu. Yalitujia kwa msiba, na kwa hiyo twaanza na msiba.

Mji wetu wa Mkwajuni ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika Mkoa wa Songwe uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Jina lake ni la mti ule wenye matunda makali, ambao kivuli chake kimewapumzisha wasafiri wengi. Upande wa machweo nchi yateremka kuliendea Ziwa Rukwa. Wenyeji wa pande hizi ni Wabungu, Wanyiha, Wakimbu na Wasafwa. Baadaye Wasukuma wakaja na ng'ombe wao. Tena nchi hii ni sehemu ya nchi ya dhahabu ya Lupa, inayojulikana tangu miaka ya 1920, na dhahabu haiulizi mtu kabila lake. Basi hapa kwetu hupatikana vijana wa kila upande wa Tanzania, na wengine waliovuka mpaka pale Tunduma. Huchimba maduara, husaga mawe katika makarasha, huosha udongo kwa zebaki. Hupata kidogo, hupoteza, huhama.

Mwaka juzi, mvua za kwanza zilipoanza, sisi Wakristo tulikuwa tukichanga fedha ili kuwasaidia wahubiri waendao nchi za mbali. Tulichanga kwa furaha. Akina mama walileta kuku na mahindi, vijana wakaimba, na siku ya kuhesabu tulipiga makofi, kwa maana fedha zilizidi tulivyotazamia. Katika juma lile lile, usiku, duara moja liliporomoka, na kijana mmoja akafunikwa na kifusi. Wenzake walimfukua kwa mikono. Alipofikishwa mjini alikuwa amekwisha kukata roho.

Asubuhi tukaitwa sisi walimu, kwa sababu husemwa kwamba mwalimu ajua kuandika habari. Tukauliza, "Jina lake nani?" Wenzake wakajibu, "Sisi twamwita Mrefu." Tukauliza, "Kwao wapi?" Mmoja akasema Kigoma, mwingine akasema hapana, ni kando ya Rukwa. Simu yake ilikuwa imevunjika kifusini. Tukauliza, "Dini yake?" Hapo wakanyamaza wote. Hatukujua tumzike kwa sala ya nani. Mzee mmoja Mwislamu wa mtaa wetu, mwenye duka la nguo, hakuuliza swali lo lote. Alikata sanda akaleta. Kisha kijana mmoja mchimbaji akatuambia, bila ya hasira, "Mwalimu, huyu alikuwa akipita mbele ya kanisa lenu kila Jumapili. Alisimama nje akisikiliza nyimbo. Kuingia aliona haya, nguo zake zilikuwa na udongo."

Ndugu zangu, miezi minane mtu yule alichota maji katika bomba lile lile tuchotalo sisi. Nasi katika miezi hiyo tulikuwa tukiombea mataifa.

Baada ya mazishi tuliketi chini ya mti, na maneno yakazuka. Mzee mmoja mwenye heshima katika kanisa akasema: "Ninyi watoto, mmeona wenyewe. Mtu hafagii uwanja wa jirani na nyumbani kwake pana takataka. Fedha zile zirudi, tuhubiri hapa kwanza. Mataifa ya mbali yatajihubiria yenyewe." Mwalimu mwenzetu, kijana mwenye elimu, akasema jambo lingine: "Shikamoo mzee, na unisamehe, lakini mimi nawaza zaidi ya hapo. Kwa nini tumpelekee mtu dini asiyoiomba? Babu zetu walimjua Mungu kabla ya mgeni ye yote kufika. Injili ilikuja pamoja na bendera na bunduki. Je, sisi nasi twataka kuwafanyia wengine kama tulivyofanyiwa?" Mzee akaitikia marahaba, asiongeze neno.

Hatukuweza kuwajibu siku ile. Tangu hapo tumewaza, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tutaanza na mzee.

Neno lake ni zuri, na nusu yake ni kweli tupu. Lakini tulipime kwa habari za zamani. Kanisa la Moravian, ambalo wahubiri wake walifika Rungwe mwaka 1891 na baadaye wakaenea hata Utengule na Mbozi, lilianza kutuma wahubiri kutoka kijiji kidogo cha Ujerumani kiitwacho Herrnhut. Kijiji kile kilijengwa mwaka 1722 na wakimbizi waliofukuzwa kwao kwa ajili ya imani. Walikuwa maskini, tena walikuwa na magomvi mengi wao kwa wao. Kama watu wa dunia wangalikuwa na haki ya kusema "kwanza nyumbani," ni hao. Walakini mwaka 1732, kijiji kikiwa kina umri wa miaka kumi tu, watu wawili walitoka pale wakaenda kwa miguu hata Denmark, na kutoka huko wakavuka bahari hata kisiwa cha St. Thomas katika visiwa vya Karibi. Mmoja alikuwa mfinyanzi, jina lake Leonard Dober. Wa pili alikuwa seremala, jina lake David Nitschmann.

Ni nani aliyewaita? Hapa msikilize vema, kwa maana wengi wetu hatukufundishwa habari hii. Hawakuitwa na mfalme wala na mfanya biashara. Mwaka 1731 bwana wa Herrnhut, Count Zinzendorf, alikwenda Copenhagen kuhudhuria sherehe za kutawazwa mfalme, na huko akakutana na mtu mweusi aitwaye Anton, aliyekuwa ametoka katika utumwa wa St. Thomas. Anton alimweleza habari za dada yake aliyebaki kisiwani, jinsi alivyotamani kumjua Mungu wala hakuwa na wa kumfundisha. Mwaka ule ule Anton akafika Herrnhut mwenyewe, akawaambia watu waziwazi: watumwa hufanya kazi mchana kutwa, hawana nafasi ya kuketi na kufundishwa, mtu atakaye kuwafundisha hana budi kuwa mtumwa pamoja nao.

Basi tazameni. Kazi ile iliyofika hata nchi yetu ilianza kwa mtu mweusi aliyemkumbuka dada yake. Kama watu wa Herrnhut wangalimjibu, "Subiri, tumalize kwanza magomvi yetu," mpaka leo wasingaliondoka, kwa sababu magomvi ya nyumbani hayana siku ya kwisha. Asemaye "kwanza nyumbani" mara nyingi hana nia ya kuanza hata hapo nyumbani. Na sisi tulijiona katika kioo hicho. Kabla ya kuchanga fedha zile, tulikuwa tumemhubiria nani pale makarashani? Hakuna. Fedha hazikumnyima Mrefu kitu cho chote. Tungaliweza kutuma fedha na kumsalimu yeye pia. Lililomnyima ni macho yetu, yaliyomwona kila siku yasimtambue.

Sasa twaja kwa mwalimu kijana, na neno lake ni zito zaidi. Hatutaki kumjibu kwa kuficha lililotukia. Ni kweli kwamba katika nchi zetu ujumbe na utawala mara nyingi vilisafiri katika njia moja na katika miaka ile ile. Ni kweli pia kwamba wahubiri wengine walidharau mambo yetu kabla ya kuyajua. Tena hata habari ile ya St. Thomas ina upande wake wa giza. Dober na Nitschmann hawakufanywa watumwa. Nitschmann alifanya kazi ya useremala, na Dober aliishi kwa shida. Lakini miaka michache baada yao, Wamoravian wa kisiwa kile walinunua shamba pamoja na watumwa wake. Walioitwa na ndugu wa mtumwa wakawa na watumwa! Jambo hili halifai kusahauliwa na mtu ye yote ahubiriye. Latufundisha kwamba mjumbe aweza kuubeba ujumbe wa kweli na huku mwenyewe akaupinga kwa mikono yake.

Lakini je, kosa la mchukuzi ni kosa la mzigo? Mtu akikuletea barua ya baba yako, naye njiani akaiba kuku wa jirani, utamshtaki kwa ajili ya kuku, wala hutaichoma barua. Kwa hiyo twatenganisha mambo mawili ambayo mwenzetu aliyachanganya. Kumlazimisha mtu ni jambo moja, kumwarifu ni jingine. Mwenye kulazimisha huondoa hiari ya mtu. Mwenye kuarifu huiongeza, kwa sababu sasa mtu yule ana njia mbili mbele yake, na hapo kwanza alikuwa na moja. Aliyekiona kisima wakati wa kiangazi, akanyamaza kwa kisingizio cha kwamba wenye kiu hawakumwuliza, hatumwiti mwenye adabu. Lakini vilevile aliyewakamata wenye kiu kwa nguvu na kuwatumbukiza kisimani hatumwiti mwema. Haki yake ni kusema, "Kisima kiko kule, nami nimekunywa." Baada ya hapo miguu ni ya wenyewe.

Na ikiwa twadai haki hiyo, hatuna budi kuwapa wengine haki iyo hiyo. Yule mzee aliyeleta sanda ana imani yake, naye aiamini kuwa ni kisima. Kama sisi twataka asikilize neno letu, imetupasa kuketi barazani pake na kusikiliza lake, wala tusimwone adui. Ajuaye kusema tu, asijue kusikiliza, si mjumbe, ni mpiga mbiu. Tena siku ile ya mazishi, kama tungaliulizwa ni nani kati yetu aliyetenda lile tulilokuwa tukilihubiri, jibu lingalikuwa gumu kulitamka.

Liko jambo jingine lililomo katika maneno ya mwalimu kijana. Watu wengi hudhani kwamba Injili katika Afrika ya Mashariki ilienezwa na wageni kutoka Ulaya peke yao. Si hivyo. Kisiwani Unguja, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale kanisa likajengwa. Miongoni mwa waliookolewa katika utumwa alikuwako Myao mmoja, Cecil Majaliwa, ambaye mwaka 1890 alipata upadre na kufanya kazi bara, katika nchi ya kusini, kati ya watu wa kabila lake. Na huku kwetu, ng'ambo ya Tunduma, mwaka 1904 alipita Mtonga kutoka Nyasa, jina lake David Kaunda, aliyesomeshwa na wamisioni wa Livingstonia. Alikwenda kwa Wabemba, pande za Chinsali. Wabemba walikuwa wakiogopwa na makabila mengi kwa ajili ya vita vyao vya zamani, hata katika nchi zetu. Yeye alikwenda kama mgeni, akajenga shule na kanisa, akakaa huko mpaka kufa mwaka 1932. Mwanawe, Kenneth, ndiye aliyeiongoza Zambia kupata uhuru mwaka 1964.

Lakini zaidi ya wote twampenda Adrian Atiman. Huyu alizaliwa karibu na Timbuktu, nchi ya Mali ya leo. Akiwa mtoto aliibiwa, akapitishwa jangwani, akauzwa. Mapadre Weupe walimkomboa katika Algeria, na Kadinali Lavigerie akampeleka kisiwa cha Malta kusomea uganga wa hospitali. Alimaliza mwaka 1888, na mwaka uliofuata akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Katavi. Fikirini, ndugu zangu. Kwao kulikuwa mbali kama Ulaya ilivyo mbali. Lugha hakuijua, watu hakuwajua. Aliyekwisha kuuzwa kama mbuzi angaliweza kuichukia dunia yote, na nani angalimlaumu? Yeye alikaa Karema akitibu wagonjwa na kufundisha dini, akaoa huko, mtoto wake akawa padre, naye hakuondoka mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka sitini na saba mahali pamoja.

Mtu huyu atupa jibu la swali letu la kwanza. Kwake yeye ulimwengu wote ulikuwa Karema. Hakuhesabu mataifa mangapi ameyapitia, alihesabu vidonda. Wala mgonjwa wa Karema hakuletewa bendera, aliletewa dawa na mtu aliyekuwa ameonja uchungu kuliko yeye. Ndipo twaona kwamba neno lile la Anton lilikuwa kweli, ingawa watu wa Herrnhut hawakulitimiza kama alivyolisema. Mjumbe hana budi kushuka. Asiyeshuka, ujumbe wake wabaki juu ya vichwa vya watu kama ndege anayepita.

Kushuka huko kuna namna nyingi, na moja ni lugha. Katika Mbozi, mmisioni Traugott Bachmann alijifunza Kinyiha miaka mingi, na mwaka 1913 Agano Jipya likatoka kwa lugha hiyo. Afanyaye hivyo akiri kwamba Mungu aweza kusema kwa maneno ya bibi kizee anayepeta ulezi. Basi na sisi tujiulize: lugha ya makarashani twaijua? Hatusemi maneno ya Kiswahili; hayo twayajua. Twasema ile lugha ya mtu asiyejua kesho atalala wapi, anayemdai mwenye duara mshahara wa miezi miwili, anayeona haya kuwapigia simu wazazi kwa sababu aliondoka akiahidi kurudi tajiri. Tukienda kwake na mahubiri ya watu wenye nyumba za bati, hatasikia, na kosa si la masikio yake.

Sasa, tumefanya nini? Hatutaki kujisifu, kwa maana ni kidogo. Fedha zile hatukuzirudisha. Zilikwenda kule zilikokusudiwa, na mzee wetu alikubali mwishoni, ijapokuwa alinung'unika. Lakini sisi walimu tulinunua daftari. Kila Jumamosi jioni wawili wetu hupita makarashani, na kila apendaye huandika jina lake, kwao, jina la ndugu mmoja, na dini yake kama ataka. Twaandika Wakristo na Waislamu na wasio na dini, bila ya kubagua. Wengine hutucheka, wengine hudhani tumetumwa na watoza kodi. Wachache huandika. Tena tulikubaliana kwamba Jumapili mtu aje na nguo alizo nazo. Na ili neno hili lisiwe la mdomo tu, mzee yule yule aliyesema habari ya kufagia uwanja alikuja siku moja na nguo zake za shambani, zenye matope, akaketi mbele. Watu walishangaa, lakini walielewa. Jumapili iliyofuata vijana wawili walisimama mlangoni, kisha wakaingia.

Hatujui kama wataamini. Hiyo si kazi yetu, na twashukuru kwamba si kazi yetu. Mwalimu mwenzetu kijana bado ana mashaka yake, nasi hatukumwomba ayaache. Ila yeye ndiye asiyekosa hata Jumamosi moja kulibeba daftari. Nasi twadhani ameelewa jambo ambalo wengine wetu, pamoja na nyimbo zetu, tulichelewa kulielewa.

Basi, wasomaji wapendwa, twajibu hivi. Ulimwengu wote waanzia kwa mtu wa kwanza usiyemjua jina. Haukomi hapo, na ole wetu tukiukomesha hapo. Sharti uendelee hata Karema, hata ng'ambo ya bahari, hata pale ambapo Anton alimwacha dada yake. Lakini anayemruka mtu wa kwanza ili amfikie wa elfu, hata huyo wa elfu hatamfikia, maana atakapofika atamruka naye vilevile.

Kaburi la Mrefu liko pale kwenye makaburi ya mji. Tuliweka jiwe, tusiwe na jina la kuandika juu yake. Twaomba kila msomaji wa gazeti hili, pale alipo, aangalie leo ni nani apitaye mbele ya mlango wake, kisha amsalimu na kumwuliza jina kabla halijaja jiwe.